Kufundisha Mazoea ya Usafi: Mfano wa Wauguzi wa Mashine za Kusafisha Damu

Miongoni mwa masomo ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyafundisha kila mwaka ni lile la usafi wa mwili. Wanachuo wengi huliona kuwa jepesi. Huandika andalio la somo kwa muda mfupi, huchora mikono na kipande cha sabuni juu ya karatasi ya manila, kisha huwauliza watoto kwa nini tunanawa mikono. Watoto, ambao wamekwisha kulisikia jibu hilo tangu darasa la kwanza, hujibu kwa sauti moja. Mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa huandika katika fomu yake kwamba madhumuni ya somo yametimia. Kengele inapolia, watoto hao hao hutoka mbio kwenda msalani, na kutoka msalani huenda moja kwa moja kwenye uji.

Maoni yetu ni kwamba somo la namna hiyo halikutimiza madhumuni yake hata kidogo, ijapokuwa majibu yote yalikuwa sahihi. Madhumuni ya somo la usafi ni kitendo, na kitendo hupimwa mahali kinapotendeka. Ili kuitetea hoja hii tumechagua mfano ulio mbali na shule ya msingi, nao ni mafunzo ya kuzuia maambukizo wanayopewa wauguzi na mafundi wa kliniki za kusafishia damu. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, watumishi hao ni watu wazima waliosoma, na hakuna awezaye kusema kwamba hawajui maana ya kijidudu. Hata hivyo imeonekana kuwa kujua huko hakuwatoshi. Pili, katika kazi yao matokeo ya mafunzo huhesabiwa, kwa hiyo tunaweza kuona njia ipi ya kufundisha ilizaa matunda na ipi haikuzaa.

Hatari isiyoonekana

Figo za mtu zinaposhindwa kufanya kazi, takataka ambazo zingetoka kwa njia ya mkojo hubaki katika damu, na mtu huyo hawezi kuishi muda mrefu. Mashine huisaidia kazi ya figo kwa kuitoa damu mwilini kidogo kidogo, kuipitisha katika chujio na kuirudisha. Aghalabu mgonjwa huhitaji huduma hiyo mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine muda wa saa 4 hivi. Kwa hesabu nyepesi, hizo ni mara 156 kwa mwaka. Ikiwa kila mara huchomwa sindano mbili, moja ya kutolea damu na moja ya kurudishia, ngozi yake hutobolewa mara 312 katika mwaka mmoja. Wagonjwa wengine hawana mshipa ulioandaliwa mkononi kwa upasuaji. Hao huwekewa mpira mwembamba uitwao katheta katika mshipa mkubwa, ambao mdomo wake hubaki nje ya mwili na hufunguliwa na kufungwa kila wanapohudumiwa. Kila ufunguzi ni mlango ambao kijidudu kinaweza kuupitia na kuingia moja kwa moja katika damu.

Tuongeze hali ya mahali penyewe. Wagonjwa kadhaa huketi katika ukumbi mmoja, na muuguzi mmoja huwahudumia zaidi ya mmoja. Mashine ya mgonjwa wa kwanza hulia, muuguzi hubonyeza kitufe. Mgonjwa wa pili huita, muuguzi humwendea na kumshika mkono. Kati ya kitufe na mkono hapana tone la damu linaloonekana. Lakini imethibitishwa kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa juu ya kitu kikavu kwa muda usiopungua siku 7 na bado vikawa na nguvu ya kuambukiza. Adui wa namna hiyo hatambuliwi kwa macho. Humshinda tu yule ambaye mikono yake imezoea kutenda lililo sahihi hata pale ambapo hapana kinachomkumbusha.

Hatari hii ilifahamika kwa gharama kubwa. Mashine ya kwanza iliyofaa kwa kazi ya kutibia binadamu ilitengenezwa Uholanzi na Dakta Willem Kolff, naye alimtibia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1943. Wakati huo mashine ilifaa kwa mgonjwa wa siku chache tu, maana kila mara mshipa mpya ulihitajika. Mwaka 1960, katika mji wa Seattle, Marekani, Dakta Belding Scribner na wenzake walipata njia ya kuacha mirija katika mkono wa mgonjwa ili aweze kuunganishwa na mashine tena na tena. Watu ambao wangalikufa wakaanza kuishi miaka mingi. Lakini sasa wagonjwa wale wale walikutana katika vyumba vile vile, wiki baada ya wiki, na homa ya ini ikapata njia ya kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Katika mji wa Edinburgh, Uskochi, mlipuko wa mwaka 1969 na 1970 uliwaua wagonjwa pamoja na watumishi waliokuwa wakiwahudumia. Nchini Marekani, mwaka 1974, wagonjwa wapatao 6 katika kila 100 wa vituo hivyo walipata maambukizo mapya ya homa ya ini aina ya B katika mwaka huo mmoja.

Mwaka 1977 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa ilitoa maelekezo. Ukiyasoma leo utashangaa jinsi yalivyo mepesi: wagonjwa wapimwe mara kwa mara, wenye virusi watengewe chumba na mashine zao, vyombo vya mgonjwa mmoja visipelekwe kwa mwingine, glovu zibadilishwe na mikono inawewe, meza na vitufe vipanguswe kwa dawa. Ilipofika mwaka 1980 maambukizo mapya yalikuwa yameshuka hadi mgonjwa 1 hivi katika kila 100. Yafaa mwanachuo auzingatie mwaka huo, kwa maana chanjo ya ugonjwa huo ilipata kibali nchini Marekani mwaka 1981. Upungufu huo mkubwa ulipatikana kabla ya chanjo, kwa mpangilio wa kazi na kwa matendo ya mikono.

Namna wanavyofundishwa

Mtu angeweza kudhani kwamba baada ya maelekezo hayo kutolewa na kusomwa, kazi ilikuwa imekwisha. Haikuwa hivyo. Aina nyingine za vijidudu ziliendelea kuingia katika damu za wagonjwa kwa njia ya sindano na katheta. Mwaka 2009 taasisi hiyo hiyo ilianza kushirikiana na kliniki kadhaa ili kuona jambo gani lingeweza kupunguza maambukizo ya damu. Watumishi wa kliniki hizo walikuwa wamekwisha kufuzu, na vyeti vyao vilikuwa ukutani. Hawakuhitaji hotuba nyingine juu ya vijidudu. Yaliyoongezwa yalikuwa mambo machache ya matibabu, kama vile aina bora ya dawa ya kusafishia ngozi, pamoja na njia nyingine ya kufundisha na kufuatilia. Katika kliniki 17 ambazo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013, maambukizo ya damu yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale yaliyotokana hasa na mahali pa kuingilia sindano au katheta yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Hebu tuitazame njia yenyewe kwa jicho la mwalimu.

Kwanza, kitendo hugawanywa katika hatua. Muuguzi haambiwi tu, “Uwe msafi unapofungua katheta.” Huonyeshwa kwamba atanawa mikono, atavaa glovu safi, atausugua mdomo wa katheta kwa dawa, ataiacha dawa ikauke, ataunganisha mirija bila kuugusa mdomo huo, atavua glovu, atanawa tena. Kila hatua ina nafasi yake na sababu yake. Dawa isiyoachwa ikauke haijamaliza kazi yake, na mtumishi anayeelewa hivyo hataona kwamba anapoteza muda anaposubiri.

Pili, mwenye kujifunza hutenda mbele ya mwenye kumfundisha. Hapimwi kwa maswali ya karatasi peke yake. Huambiwa, “Fanya, nikuone,” naye hufanya tangu mwanzo hadi mwisho, na mahali alipokosea hurudia. Tena hapimwi mara moja kwa maisha yake yote. Inashauriwa apimwe anapoajiriwa, kisha kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa sababu mikono husahau, na njia ya mkato huzaliwa taratibu bila mwenyewe kujua.

Tatu, watumishi hutazamwa wakiwa katika kazi ya kawaida, na hesabu huwekwa. Mtazamaji huwa na karatasi iliyopigwa mistari. Hatazami kama fulani ni mtu mwema au mtu mbaya. Huhesabu ni mara ngapi ilipasa mikono inawewe na ni mara ngapi ilinawiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaotaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa pekee, baada ya kugusa au kukaribia kugusa damu na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Nyakati hizo zikijulikana, hesabu huwezekana. Zisipojulikana, kila mtu hudhani kwamba yeye hunawa daima.

Nne, hesabu hurudishwa kwa wenye kazi. Hesabu inayofungiwa katika kabati la msimamizi haimfundishi mtu. Inapobandikwa mahali ambapo wote wanapita, na ikajadiliwa bila kelele, watumishi wenyewe huanza kuuliza: kwa nini zamu ya asubuhi imefanya vizuri kuliko ya jioni? Pengine itaonekana kwamba jioni dawa ya mikono ilikwisha, au kwamba wagonjwa wawili walimaliza kwa wakati mmoja na mtumishi alikuwa peke yake. Hapo kosa linaondoka mabegani mwa mtu na kuwa jambo la kurekebishwa katika mpango wa kazi.

Tano, mgonjwa naye hufundishwa. Huelezwa namna ya kuutunza mkono wake, huambiwa hatua anazopaswa kuziona, na hupewa ruhusa ya kumwambia muuguzi, “Bado hujanawa.” Mtu mwenye maslahi makubwa kuliko wote katika usafi huo hafanywi mtazamaji tu.

Jambo moja zaidi linastahili kutajwa, nalo ni glovu. Glovu humfanya mtumishi ajione salama, na hivyo huweza kumsahaulisha. Anayetoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine na glovu zile zile amejikinga yeye mwenyewe, na huku anabeba maradhi kutoka kiti hadi kiti. Ndiyo sababu hufundishwa kwamba glovu hubadilishwa kwa kila mgonjwa, na kwamba kuzivua hakuondoi wajibu wa kunawa.

Darasani kwetu

Sasa tugeukie shule ya msingi. Hapana mashine hapo, wala damu haipiti katika mirija. Lakini kuna watoto wengi katika chumba kimoja, kuna choo kimoja kwa madarasa mengi, na kuna kuhara, minyoo na mafua ambavyo husafiri kwa mikono. Watoto wa darasa la tatu wanafanana na wauguzi wale kwa jambo moja kubwa: wanalijua jibu. Kama jibu lingalitosha, kusingekuwa na haja ya kulirudia somo hilo kila mwaka.

Basi mwanachuo anayeandaa somo la kunawa mikono na aanze kwa kubadili madhumuni yake. Badala ya kuandika, “Mwanafunzi aweze kutaja sababu za kunawa mikono,” aandike, “Mwanafunzi anawe mikono kwa sabuni kila atokapo msalani na kila kabla ya kula, bila kuambiwa.” Madhumuni ya namna hii humlazimisha mwalimu kutoka nje ya darasa, maana hawezi kujua kama yametimia akiwa amesimama mbele ya ubao.

Kisha akigawe kitendo katika hatua: kulowesha mikono kwa maji yanayotiririka, kupaka sabuni, kusugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha, kwa muda usiopungua sekunde 20, kusuuza, kukausha. Mwalimu na atende hatua hizo mara ya kwanza pasipo kusema neno, ili macho ya watoto yafanye kazi. Mara ya pili atende na kueleza sababu ya kila hatua. Mara ya tatu mtoto mmoja atende na wenzake wamtazame. Baadaye watoto wajipange wawili wawili, mmoja atende na wa pili ahesabu hatua. Kipindi kimoja hakitatosha kwa mambo yote hayo, wala si lazima kitoshe.

Hapa tungependa kutoa onyo kuhusu karai. Katika shule nyingi karai moja la maji huwekwa mlangoni, na watoto 40 au zaidi huchovya mikono yao humo, mmoja baada ya mwingine. Karai hilo ni sawa na zile glovu zisizobadilishwa. Lina sura ya usafi, na mgeni anayepita atasifu. Lakini mtoto wa mwisho hunawa uchafu wa wenzake wote. Maji lazima yatiririke. Kibuyu chirizi huweza kutengenezwa na watoto wenyewe kwa dumu la lita 5, kamba, miti mitatu au minne na msumari wa kutobolea. Mtoto hukanyaga kijiti, dumu huinama na maji hutoka, na mkono uliotoka msalani haugusi kitu ambacho mwingine atakigusa. Sabuni hutobolewa na kuning'inizwa kando yake. Kuitengeneza zana hiyo ni sehemu ya somo, na kwa hakika ni zana ya kufundishia iliyo bora kuliko picha yoyote ya karatasi ya manila.

Baada ya hapo ianze hesabu. Chukua daftari na upige mistari ya safu tatu: siku, idadi ya watoto waliotoka msalani, idadi ya walionawa kwa sabuni. Usiandike majina. Tuseme kwamba siku ya Jumatatu watoto 40 walitoka msalani wakati wa mapumziko na 12 wakanawa. Siku ya Jumanne darasa lielezwe hesabu hiyo bila karipio, kisha liulizwe sababu. Pengine watasema kwamba sabuni ilikuwa imekwisha, au kwamba foleni ilikuwa ndefu na uji ulikuwa unapoa. Majibu hayo ni mali, kwa kuwa humwonyesha mwalimu kitu cha kurekebisha. Hesabu za wiki mbili zikichorwa kwa vijiti ubaoni, darasa litakuwa limejifunza na hisabati pia, tena kwa namba zilizotoka katika maisha yake.

Twasema “bila karipio” kwa kusudi maalumu. Mtoto anayeogopa fimbo atanawa mwalimu akiwapo, na mwalimu akiondoka ataacha. Atajifunza pia kulowesha vidole ili vionekane vibichi. Vivyo hivyo katika kliniki, mtumishi anayeogopa kuadhibiwa huficha kosa, na kosa lililofichwa haliwezi kumfundisha yeye wala wenzake. Hesabu isiyo na majina huwapa watu nafasi ya kusema kweli.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba njia hii ni ya kuwazoesha watoto kama askari katika gwaride, na kwamba elimu ni kuifungua akili. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Mwaka 1847 Dakta Ignaz Semmelweis alifanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, ambako wazazi katika wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa wingi kuliko wale wa wodi ya wakunga. Aligundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda kuwazalisha akina mama. Mwezi Mei aliagiza wanawe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Katika miezi ya kiangazi iliyofuata vifo vilishuka hadi karibu 2. Hata hivyo wakubwa wengi wa wakati huo hawakumkubali. Elimu ya vijidudu ilikuwa haijaenea, naye mwenyewe hakuandika kitabu chake hadi mwaka 1861, kwa maneno makali kwa wapinzani wake. Akafa mwaka 1865 kabla ya kuona ushindi wa hoja yake.

Historia hiyo yatufunza kwamba amri isiyofuatana na sababu inayoeleweka haina mizizi. Ilhali yale ya kliniki yametufunza kwamba sababu isiyofuatana na mazoezi haizai. Mwalimu hana ruhusa ya kuchagua moja na kuacha nyingine. Mtoto aambiwe kwa nini, tena aambiwe vizuri. Kisha atende mara nyingi mpaka mkono wake usihitaji kuambiwa.

Hoja ya pili ni ya muda na maji. Darasa la watoto 45, kila mmoja akitumia sekunde 40 tangu kulowesha hadi kusuuza, na kibuyu chirizi kikiwa kimoja, litahitaji dakika 30. Hapana mapumziko ya shule yanayoweza kubeba foleni hiyo, na mwalimu anayewaambia watoto wanawe katika hali hiyo anawafundisha kumdharau. Lakini vibuyu vikiwa vitano, dakika 6 zatosha. Kwa hiyo hesabu hii haiipingi njia yetu, bali yamwambia mwalimu ni vibuyu vingapi apeleke ombi lake kwa mwalimu mkuu na kwa kamati ya shule. Kliniki inayotaka watumishi wake wanawe huweka dawa ya mikono kando ya kila kiti. Shule inayotaka watoto wanawe haina budi kuweka maji mahali wanapopita.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliokuwa wamefunzwa kwa kazi hiyo. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu chao, wakajadili, na kisha wakapanga kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuyatunza maji ya kunywa. Mazungumzo yalimalizikia kwenye jembe. Somo la usafi lililomalizikia kwenye ubao lingaliwashangaza wazee wale.

Hoja ya tatu ni ya adabu. Tulisema kwamba mgonjwa hupewa ruhusa ya kumkumbusha muuguzi. Je, mtoto amkumbushe mwalimu wake? Katika malezi yetu mdogo hamsahihishi mkubwa, na hatutaki kuivunja heshima hiyo. Lakini njia ipo. Kila wiki achaguliwe kiranja wa usafi, na mwalimu atangaze mbele ya darasa kwamba wiki hiyo kazi ya kiranja ni kusema, “Mwalimu, maji yako tayari,” kabla ya uji. Anayetumwa na mkubwa hamvunjii mkubwa heshima. Na mwalimu anaponyanyuka, akanawa vumbi la chaki mbele ya watoto wake kwa hatua zile zile alizozifundisha, amefundisha kipindi kizima bila kuandika andalio. Mwalimu asiyenawa ameyafuta yote aliyoyaandika ubaoni.

Hitimisho

Pendekezo letu kwa vyuo ni moja, nalo halihitaji fedha. Mwanachuo anapofundisha somo la usafi katika mazoezi ya kufundisha, asipewe alama zote siku hiyo. Apewe nusu kwa andalio, maelezo na zana. Nusu ya pili ingoje. Mkufunzi arudi baada ya wiki mbili bila taarifa, asimame karibu na msala wakati wa mapumziko, ahesabu wangapi walitoka na wangapi walinawa, kisha aketi na mwanachuo wazungumze juu ya hesabu hiyo. Mwanachuo ambaye watoto wake walinawa 10 katika 40, naye anaweza kueleza sababu na kuonyesha alichokwisha kukirekebisha, amekwisha kuwa mwalimu zaidi ya yule aliyepata majibu sahihi 40 darasani na hakutoka nje kuona.

Hayo yanawahusu wakufunzi. Lakini nanyi wanachuo msingoje mpaka vyuo vikubali. Mtakapopangiwa shule, chagueni darasa moja, mtengeneze kibuyu chirizi kimoja katika wiki ya kwanza, mpige mistari katika daftari, na muanze kuhesabu. Wiki ya pili ongezeni cha pili. Wahenga walisema mazoea hujenga tabia, na watoto mtakaowakabidhiwa wana umri ambao mazoea hushika upesi. Wengine kati yao watakuwa wauguzi siku moja, na watasimama kando ya mgonjwa aliyefungwa kwenye mashine, hapana anayewatazama. Yatakayotendwa na mikono yao saa hiyo yataanzia katika darasa la tatu, kando ya dumu la lita 5.